Ni Spishi Ipi Hii? Saksifraga za Ayalandi na Chotara Wao

Wiki yangu ya kwanza ya kukusanya sampuli karibu na Killarney, kusini-magharibi mwa Ayalandi, nilirudi na mimea 40 na furaha tele. Msimamizi wangu akachukua jani moja, akaligeuza, akaniuliza, "Hili umeandika ni la nani?" Nikamjibu. Akacheka kidogo, akanipa lenzi. Kumbe nilikuwa nimekosea lebo 14.

Mimea yenyewe ni saksifraga, jenasi yenye spishi zaidi ya 400, nyingi zikiishi milimani na sehemu za baridi. Jina lake la Kilatini maana yake ni mvunja mawe, na kweli mingi huota kwenye nyufa za miamba. Maua yake ni rahisi kutambua: petali 5, stameni 10, na katikati pembe mbili ndogo. Shida inaanza unapotaka kujua ni saksifraga ipi.

Pale Killarney kuna ndugu wawili wanaofanana sana: *Saxifraga spathularis* na *Saxifraga hirsuta*. Wote wana majani yaliyojipanga kwa duara chini kabisa, na kikonyo chembamba kinachobeba maua madogo meupe yenye madoa. Mimi nilitegemea maua, na hapo ndipo nilipokosea. Ukweli uko kwenye majani. Hebu tuyaangalie moja moja.

Umbo. Jani la *spathularis* ni kama kijiko: linapungua upana taratibu hadi kuungana na kikonyo chake. La *hirsuta* ni la mviringo au kama figo, na pale linaposhikana na kikonyo lina mkunjo kama wa juu ya kopa la karata.

Kikonyo cha jani. Cha *spathularis* ni bapa na kipana, vinyweleo vyake ni vichache. Cha *hirsuta* ni chembamba, kirefu, na kimejaa vinyweleo.

Uso wa jani. Pitisha kidole. *Spathularis* ni laini, haina vinyweleo. *Hirsuta* ina vinyweleo juu na chini, na jina lenyewe linasema hivyo: lina maana ya "yenye nywele".

Ukingo. Meno ya *spathularis* yamechongoka. Ya *hirsuta* kwa kawaida ni butu.

Mpaka hapo utasema, mbona rahisi? Sasa ngoja. Ndugu hawa wakikutana huzaa chotara, anayeitwa *Saxifraga × polita*. Kwetu neno chotara tunalijua kwenye mahindi: mkulima akipanda tena punje za mahindi chotara aliyovuna, mazao ya msimu unaofuata hayafanani, kwa sababu tabia za wazazi zinagawanyika upya. Polita naye ana rutuba. Anazaa, na anaweza kuzaana tena na mzazi wake yeyote. Matokeo yake, bondeni unakuta mlolongo mzima: huyu ana umbo la kijiko lakini kikonyo chenye nywele, yule ana jani la mviringo lakini uso laini. Ukitumia alama moja tu, lazima utadanganyika.

Kwa hiyo siku hizi nafuata kanuni tatu. Naangalia alama zote nne, si moja. Napima majani kadhaa ya chini kwenye mmea uleule, kwa sababu kivuli na unyevu hubadilisha ukubwa wa jani. Tena nachagua majani yaliyokomaa, maana machanga hayajaonyesha umbo lake kamili. Alama zikigongana, naandika chotara na kusonga mbele.

Je, kuna ubaya gani nikikosea lebo? Upo, tena mkubwa. Mimea hii miwili ni ya asili Ayalandi, na inapatikana pia upande wa kaskazini mwa Hispania, lakini porini Uingereza, jirani kabisa, si ya asili. Iliruka vipi bahari yote hiyo? Je, ilijificha mahali wakati wa enzi ya barafu, au ilifika baadaye? Wanasayansi bado wanabishana. Njia moja ya kutafuta jibu ni kulinganisha DNA ya mimea ya Ayalandi na ya Hispania. Sasa fikiria unapeleka maabara chotara ukisema ni *hirsuta* safi. Mashine haitakugombeza. Itakupa jibu zuri, lenye takwimu nzuri, la swali ambalo hukuuliza.

Nilirudi bondeni Jumatatu iliyofuata. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya huko. Zile sampuli 14 nilizipitia upya kwa lenzi, jani kwa jani. Tisa zilikuwa chotara, tatu *spathularis*, na mbili sijui mpaka leo. Nimeziandikia alama ya kuuliza na hazitaingia kwenye uchambuzi.