Baridi ya Beijing, karo ya Kaplong: mwalimu aliye ng'ambo apangeje pesa za nyumbani?

Ukishuka kwenye makutano ya Kaplong wiki ya kwanza ya Januari, pale barabara ya kutoka Bomet na Narok inapokutana na ile ya Kericho kwenda Kisii, utaona masanduku ya bati na magodoro yamefungwa juu ya matatu. Shule zinafunguliwa. Wiki hiyo hiyo, mwalimu aliyetoka hapa akaenda kufundisha shule ya kimataifa kule Beijing anaamka nje kukiwa chini ya sifuri, na mfukoni ana mshahara mmoja tu wa kugawa kati ya baridi yake na karo ya ndugu zake.

Walimu wengi kutoka Bomet na Kericho sasa wanatafuta kazi nje: China, nchi za Ghuba, Marekani. Tumeona wateja wetu wakihangaika na jambo lile lile kila mwaka. Pesa ipo, lakini inafika siku isiyofaa, kwa kiwango kisichotarajiwa, au kwa mtu asiyehusika. Leo tuchukue mfano wa mwalimu wa Beijing, tuone hesabu inavyokaa. Aliye Doha au Minnesota pia atajiona humu.

Baridi ina bei yake

Mwaka wa shule za kimataifa huanza Agosti au Septemba. Mwalimu anafika kukiwa na joto, na nyumbani watu wanahesabu miezi. Kabla hajapokea hata mshahara wa pili, kodi ya nyumba imeshamngoja. Katika miji mingi ya China, mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Yaani mwalimu ambaye shule haimpi nyumba anatoa kodi ya miezi minne siku anapopokea ufunguo.

Kisha Novemba inaingia. Beijing ina mfumo wa jiji wa kupasha nyumba joto kwa mabomba, na kwa kawaida huwashwa tarehe 15 Novemba na kuzimwa tarehe 15 Machi. Baridi ikija mapema kuliko tarehe hiyo, unavaa sweta mbili ndani ya nyumba. Na usidhani China yote iko hivyo. Kusini mwa mto Huai na milima ya Qinling, miji mingi haina mabomba hayo. Mwalimu aliye Shanghai anajipasha joto kwa umeme anaoulipia mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, uliza: nyumba ni ya nani, na joto linalipwa na nani?

Ongeza koti zito, viatu vya baridi, glavu. Sweta inayotosha Kaplong asubuhi za Julai haifiki popote huko. Haya yote yanaangukia Oktoba hadi Desemba, miezi ile ile ambayo nyumbani wanaanza kuuliza kuhusu Januari.

Hesabu ya Januari nyumbani

Kiwango cha karo kilichowekwa na wizara kwa shule za bweni za kitaifa kimekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa shule za bweni za kaunti shilingi 40,535. Malipo yamegawanywa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Maana yake nusu nzima inatakiwa muhula wa kwanza. Kwa mtoto wa shule ya kitaifa hiyo ni shilingi 26,777. Ukiwa na wadogo zako wawili huko, Januari inakudai 53,554 kabla ya sare, godoro na nauli.

Sasa mwalimu akinunua koti Novemba, alipe kodi ya miezi mitatu Desemba, halafu Januari aambiwe "mtoto amerudishwa nyumbani", atafanya nini? Wengi hukopa. Wengine hukata chakula chao wenyewe na hawasemi. Mama aliye Kaplong hajui, kwa sababu anachosikia ni kwamba mwanawe analipwa kwa pesa za kigeni.

Dawa yake ni mazungumzo ya mapema. Mwezi wa Septemba, piga simu, taja kiasi na tarehe: "Mama, nitatuma hiki kila tarehe 5, na Januari nitaongeza hiki. Zaidi ya hapo sina." Ni maneno magumu kuyasema, lakini yakisemwa Septemba hayaumi kama yakisemwa Januari mtoto akiwa langoni.

Na nyumbani pia kuna la kufanya. Familia nyingi za huku zina majani chai, na bonasi ya kila mwaka kwa wakulima wadogo wa KTDA kwa kawaida huingia karibu na Oktoba. Sehemu ya bonasi hiyo ikiwekwa kando kwa ajili ya Januari, kwenye Sacco au hata kwenye akiba ya simu, mzigo hauangukii mtu mmoja aliye mbali.

Kiwango cha kubadilisha kinaweza kukula

Januari 2024, dola moja ilibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa karibu shilingi 129. Aliyetuma dola 500 Januari, nyumbani walipata takriban 80,000. Aliyetuma dola 500 zile zile Agosti, walipata takriban 64,500. Tofauti ni 15,500, na hakuna aliyeiba.

Mgogoro mwingi wa familia huanzia hapo. Nyumbani wanaona pesa imepungua, wanadhani mtoto amebadilika. Kwa hiyo kubalianeni mapema: ahadi ni ya shilingi au ni ya pesa za kigeni? Karo haijali kiwango, kwa hiyo karo ipangwe kwa shilingi. Pesa ya matumizi ya kawaida inaweza kupanda na kushuka.

Unapolinganisha njia za kutuma, usiangalie ada peke yake. Uliza swali moja tu: "Nikitoa kiasi hiki huku, mpokeaji atapata shilingi ngapi mkononi?" Kampuni inayotangaza ada sifuri inaweza kuwa imeficha faida yake kwenye kiwango cha kubadilisha.

Usisubiri Mwaka Mpya wa Kichina

Ukilipwa kwa yuan, kubadilisha mshahara na kuutuma nje si jambo la dakika tano. Benki huomba pasipoti, mkataba wa kazi na uthibitisho kwamba umelipa kodi. Weka nakala zake tayari. Na angalia kalenda: Mwaka Mpya wa Kichina 2026 ulikuwa tarehe 17 Februari, na wa 2027 ni tarehe 6 Februari. Siku hizo nchi nzima hupumzika kwa zaidi ya wiki, na huduma nyingi za benki husimama au hupungua. Pesa ya muhula itoke Desemba.

Upande wa Kaplong: pokea kwa akili

Jina la mpokeaji liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye usajili wa laini. Herufi moja ikikosewa, pesa inaweza kukwama.

Kumbuka vikomo. Kwenye M-Pesa, tangu 2023, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Kama unatuma pesa ya kununua shamba au kujenga, tumia benki.

Karo ilipwe moja kwa moja kwenye paybill au akaunti ya shule, pamoja na namba ya mwanafunzi. Ikipitia mikono mitatu, itafika imechoka.

Halafu kuna matapeli. Wanajua familia gani ina mtu nje. Atakutumia ujumbe kwa namba ngeni: "Mama, hii ni laini yangu mpya, nimekwama, nitumie haraka." Angalia saa. Beijing iko mbele ya Kenya kwa saa tano. Saa nne usiku Kaplong, huko ni saa tisa usiku, na mwalimu mwenye darasa asubuhi amelala. Usitume kitu. Piga namba yake ya zamani usikie sauti yake. Mkubaliane pia neno moja la siri la familia, la Kipsigis ukipenda, ambalo mtu wa nje hawezi kulikisia.

Ukiletewa meseji ya pesa "iliyoingia kwa makosa", angalia salio lako kwanza. Meseji si pesa. Na kama kweli imeingia, usiirudishe mwenyewe. Aliyekosea kwenye M-Pesa hutuma ujumbe wa muamala huo kwa 456 ili urejeshwe kwa utaratibu. PIN haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi.

Kwa anayejiandaa kwenda

Kabla ya kumtumia ajenti hata shilingi moja, hakikisha yuko kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Lipa kwa namba ya kampuni, si ya mtu binafsi, na utunze ujumbe wa malipo. Kwa China, kazi ya kufundisha huhitaji viza ya kazi, aina ya Z. Ajenti akikwambia uingie kwa viza ya utalii "mambo yatanyooka huko", mambo hayatanyooka. Unaweza kutozwa faini na kurudishwa nyumbani, na baridi yote uliyoilipia ikawa bure.

Kama una mtu ng'ambo, mpigie wiki hii. Muulize kwanza kama amepata koti. Halafu ndipo muongee habari ya karo.