Chupa ya shampuu na zamu ya usiku

Mtoto mwenye kichomi kikali hupumua kwa taabu. Mbavu huingia ndani, pua hutanuka, na asiposaidiwa huchoka. Katika hospitali za nchi tajiri huwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Katika hospitali nyingi za nchi maskini mashine hiyo haipo, na ikiwepo, vipuri na fundi ni tatizo jingine.

Mwaka 1996, mjini Sylhet, Bangladesh, daktari kijana Mohammod Jobayer Chisti alishuhudia watoto watatu wakifariki kwa kichomi katika usiku wake wa kwanza kazini. Akaazimia kutafuta njia. Baadaye, akiwa Melbourne, Australia, aliona kifaa kinachowasaidia watoto wachanga kupumua kwa mapovu ya maji. Aliporudi Dhaka alitengeneza cha kwake kwa chupa tupu ya shampuu.

Kifaa hicho si muujiza. Mtoto hupewa oksijeni puani. Pumzi anayoitoa hupita katika mpira ambao ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji. Maji huizuia kidogo kabla haijatoka kwa mapovu, na kizuizi hicho huacha msukumo mdogo kifuani, hivyo vifuko vya hewa vya mapafu havisinyai.

Kati ya 2011 na 2013 Dakta Chisti na wenzake waliipima njia hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kati ya 79 waliotumia mapovu walifariki 3. Kati ya 67 waliopewa oksijeni kwa njia ya kawaida walifariki 10. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, wengi walishangilia.

Lakini tusishangilie chupa tukamsahau mtu. Huko Salima, Malawi, mapovu yalijaribiwa katika hospitali ya wilaya isiyokuwa na daktari wa kuwaangalia watoto hao kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Kati ya watoto 321 wa mapovu walifariki 53. Kati ya 323 wa oksijeni ya kawaida, 35.

Ni kweli watoto wa sehemu hizo mbili hawakulingana kwa kila hali. Hata hivyo, Dhaka madaktari na wauguzi walikuwapo usiku na mchana. Tumbo likijaa hewa, mtoto akitapika, mpira ukichomoka, chupa haiwezi kumwita mtu.

Basi, ndugu wasikilizaji, siku mtakapoalikwa kushuhudia vifaa vipya vikikabidhiwa wodini, pigeni makofi, kisha ulizeni swali moja: saa nane za usiku nani atakuwa zamu? Chupa hupatikana kwa siku moja. Muuguzi hufundishwa kwa miaka, na mshahara wake hudaiwa kila mwezi.