Mnara wa Leith Hill: jengo lisilo na kazi lililojengwa kwa ajili ya wote

Juu ya kilima cha Leith Hill, katika kaunti ya Surrey kusini mwa London, umesimama mnara wa mawe ambao haukujengwa uwe ngome, wala kanisa, wala makazi. Ulijengwa ili watu wapande na kutazama mandhari.

Waingereza huyaita majengo ya namna hiyo kwa neno lenye maana ya upumbavu. Katika karne ya 18, matajiri wenye mashamba makubwa walipenda kuyajenga: magofu ya kubuni, mahekalu yasiyo na ibada, minara isiyo na mlinzi. Mengi yalikuwa mapambo ya kumfurahisha mwenye shamba na wageni wake.

Richard Hull, aliyeishi katika jumba la Leith Hill Place chini ya kilima hicho, alikuwa na nia tofauti. Kilima hicho, kirefu kuliko vyote Surrey, kina mita 294, sawa na futi 965. Zilipungua futi 35 tu kufikia elfu moja, na mnara uliziba pengo hilo na kuzidi. Maandishi ya Kilatini ukutani, yenye mwaka 1766, yanaeleza kwamba umejengwa si kwa furaha ya Hull peke yake, bali pia ya majirani na watu wote. Aliwawekea wageni hata darubini.

Hull alifariki dunia mwaka 1772, akazikwa chini ya mnara kama alivyotaka. Ahadi yake haikupata mlinzi mwingine. Milango na madirisha yaling'olewa, jengo likachakaa, kisha ndani kukajazwa kifusi na saruji na mlango ukazibwa. Kwa miongo kadhaa mnara uliojengwa kwa ajili ya wote ulionekana kutoka mbali, lakini hakuna aliyeweza kuupanda.

Mwaka 1864, William John Evelyn, mwenye shamba jirani la Wotton, aliamua kuufungua tena. Saruji ilikataa kuvunjika, hivyo ukajengwa ubavuni mnara mwembamba wenye ngazi za mzunguko. Ngazi hizo ndizo zinazotumika hadi leo, na tangu 1923 jengo hilo liko mikononi mwa shirika la hisani la National Trust.

Wageni huacha magari chini na kupanda kwa miguu kupitia msituni. Baadhi ya njia ni kali kwa mwenye magoti mabovu. Kutembea kilimani ni bure, ila kupanda mnara kuna kiingilio. Chai huuzwa papo hapo, kwenye kidirisha cha chini. Anga likiwa safi, kaskazini huonekana majengo marefu ya London, na kusini, katika upenyo wa vilima vya South Downs, mstari mwembamba wa bahari inayoitenganisha Uingereza na Ufaransa. Siku ya ukungu, nazo si chache, huonekana miti tu.