Mwamba Ngozi Huvutia Kwake: Mashairi juu ya Wafalme, na Namna ya Kuyasoma

Kila aliyepata kufika Unguja apajua Darajani. Jina lenyewe laeleza habari yake: zamani palikuwa na daraja lililovuka hori la bahari, upande mmoja Mji Mkongwe, upande wa pili Ng'ambo. Hori lile limekwisha fukiwa na daraja halipo tena, lakini soko lililofunguliwa mwaka 1904 lingali likijaa watu tangu asubuhi. Mtu akisimama pale akataja jina la mfalme wa zamani, yamkini atasikia hukumu mbili. Mmoja atasema, "Alikuwa mtu mkubwa, aliijenga nchi." Mwingine atatikisa kichwa, akumbuke jasho la babu zake.

Jambo hili si la ajabu. Wafalme waliogombaniwa na watu walipokuwa hai hugombaniwa hata wakiisha kufa, na chombo kikubwa cha ugomvi huo ni shairi. Kwa hiyo twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na masheha, namna mashairi ya wafalme yalivyotungwa, na namna yafaavyo kusomwa. Twasema hivi kwa sababu twaona makosa ya namna mbili. Kuna wanaolisoma shairi la zamani kana kwamba ni tarehe iliyothibitika. Na kuna wanaolitupa wakisema ni maneno matupu ya malenga. Wote wawili wapata hasara.

Tuanze na mfalme ambaye Unguja haiwezi kumsahau, Seyyid Said bin Sultan. Alishika utawala wa Omani mwaka 1806, angali kijana, baada ya kuuawa Badr bin Seif, jamaa yake. Na katika mauaji hayo yeye mwenyewe alikuwa na mkono. Baadaye aligeuza uso wake huku kwetu, akaufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Aliamuru mikarafuu ipandwe, hata Unguja na Pemba zikajulikana duniani kwa karafuu. Alifanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839. Alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Omani. Hizo ni habari ambazo hapana azikanaye.

Lakini habari hizo zina ladha mbalimbali kwa watu mbalimbali. Karibu na mwaka 1812 watu wa Mombasa, waliotawaliwa na Mazrui, waliungana na watu wa Pate wakaenda kupigana na Lamu, wakashindwa vibaya huko Shela. Vita hivyo huitwa Vita vya Kuduhu. Watu wa Lamu walishinda, lakini walijua kwamba adui akishindwa leo hurudi kesho. Basi wakapeleka habari kwa Seyyid Said kuomba ulinzi wake, naye akakubali. Tangu siku hiyo mtu mmoja akawa na majina mawili: Lamu alikuwa mlinzi, na Mombasa alikuwa adui.

Zamani hizo alikuwako Mombasa malenga Muyaka bin Haji, aliyeishi tangu mnamo mwaka 1776 hata mnamo mwaka 1840. Mazrui walikuwa wakuu wa mji wake na rafiki zake. Muyaka alitunga juu ya mapenzi, juu ya njaa, juu ya biashara na hila za ulimwengu. Lakini wakati wa vita shairi lake lilikuwa silaha. Aliusifu mji wake kwa majina yake ya kale, Gongwa na Kongowea, aliwatia moyo vijana, akawadharau waliokuja kuupiga. Upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, mkuu wa watu na mtunzi vile vile. Majibizano ya mashairi yalikwenda na kurudi baina ya miji hiyo kama mishale. Aliyejibiwa hakuwa na budi kujibu, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa ni kushindwa.

Mwaka 1828 Seyyid Said alifika Mombasa na manowari zake, akapatana na Mazrui na kuweka askari katika Ngome. Mapatano hayo hayakudumu. Alirudi kupigana zaidi ya mara moja, na mji ukamkatalia. Hatimaye, mwaka 1837, Mombasa iliingia mikononi mwake. Na haikuingia kwa mizinga peke yake. Mazrui walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani awe mkuu, na baadhi ya watu wa Mombasa walimwita Seyyid Said waje kusaidiana naye. Halafu wakuu wa Mazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas katika nchi ya Uajemi, wasirudi tena.

Sasa msomaji na apime. Akisoma mashairi ya vita ya Muyaka peke yake, atadhani kwamba Mombasa yote ilisimama kama mtu mmoja, na ya kwamba mfalme yule hakuwa na la haki hata moja. Akitaka kinyume chake, yuko Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, kisha akaolewa na Mjerumani na kukaa Ujerumani. Mwaka 1886 alipiga chapa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na humo baba yake ni mzee mpole, mwenye haki, apendaye watoto wake. Je, ni nani msema kweli, malenga au binti? Jawabu letu ni kwamba kila mmoja alisema aliyoyaona kutoka mahali aliposimama. Malenga alimwona mfalme akija na mizinga. Binti alimwona akija na tabasamu. Wahenga walisema: mwamba ngozi huvutia kwake.

Tena yuko mtu wa tatu, ambaye sauti yake ni adimu katika diwani na katika vitabu vya majumba ya kifalme. Huyo ni mtumwa aliyefyeka msitu, akapanda mikarafuu na kuichuma. Yeye alimjua mfalme yule kwa njia nyingine kabisa. Asiposemwa katika shairi, haina maana kwamba hakuwako.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya pwani yetu tu. Sivyo. Hata Uingereza yuko mfalme ambaye mashairi yamegombana juu yake kwa miaka zaidi ya mia tano, naye ni Richard wa Tatu. Mwaka 1483 kaka yake, Mfalme Edward wa Nne, alikufa na kuacha mtoto wa kiume wa miaka 12. Richard aliwekwa kuwa mlinzi wa mtoto huyo. Lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa amevaa taji mwenyewe. Mtoto yule na mdogo wake waliwekwa katika Mnara wa London, kisha hawakuonekana tena. Watu wengi walimtuhumu ami yao, na hata leo haijathibitika kwa yakini kilichowapata.

Mwezi wa Julai mwaka 1484 mtu mmoja, William Collingbourne, alibandika ubeti mfupi wa mafumbo katika mlango wa kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Wasemao Kiswahili watalitambua fumbo hilo mara moja, maana ni la namna ile ile tuitumiayo sisi: watu wakubwa aliwataja kwa majina ya wanyama. Washauri wawili wa mfalme aliwaita paka na panya, kwa kuwa majina yao kwa Kiingereza huanza kwa sauti za wanyama hao. Wa tatu alimwita mbwa, na mfalme mwenyewe nguruwe, kwa kuwa alama ya bendera yake ilikuwa nguruwe mwitu mweupe. Mwaka ule ule Collingbourne aliuawa kwa mateso makali. Alishitakiwa pia kwamba alifanya shauri na adui wa mfalme ng'ambo ya bahari. Lakini watu walilolikumbuka ni ule ubeti. Hapo twajifunza kwamba fumbo si mchezo. Mtu hufumba kwa sababu kusema wazi kwaweza kumgharimu roho, na mara nyingine hata fumbo halimwokoi.

Tarehe 22 Agosti 1485 Richard aliuawa vitani, mahali paitwapo Bosworth, na aliyemshinda akawa Mfalme Henry wa Saba. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria mchezo wake wa Juliasi Kaisari mwaka 1963, alitunga mchezo wa mashairi juu ya Richard. Humo mfalme ana kibyongo, mkono wake mmoja umekauka, na moyo wake ni mbaya kama mwili wake. Lakini msomaji asisahau kuuliza: aliyetawala Uingereza wakati huo ni nani? Alikuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa yule yule Henry aliyemshinda Richard. Malenga yule mkubwa alikuwa akitunga chini ya kivuli cha washindi, na vitabu alivyovitegemea vilikuwa vya washindi.

Basi mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walichimba chini ya uwanja wa kuegesha magari katika mji huo, wakaona mifupa ya mtu. Waliilinganisha na chembe za urithi za watu wa ukoo wa dada yake, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba ni Richard. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda ubavuni, hata bega moja likawa juu kuliko la pili. Lakini kibyongo hakikuwako, wala mkono uliokauka. Kumbe shairi lilikuwa na punje ya kweli, iliyokuzwa ikawa mlima! Alipozikwa kwa heshima mwaka 2015, lilisomwa shairi jipya la Carol Ann Duffy, aliyekuwa malenga wa Malkia, lenye huruma kwa maiti yule. Hata hivyo mifupa haikusema neno lo lote juu ya wale watoto wawili. Kwa hiyo shairi la huruma nalo lisifanywe kuwa hukumu ya mwisho.

Kwa mifano hii twaona kwamba shairi juu ya mfalme ni ushahidi, na kila ushahidi una mwenyewe. Kadhi hamfukuzi shahidi kwa kuwa ni jamaa wa mdai. Humsikiliza, kisha humwuliza maswali. Nasi twawashauri walimu, wasomapo shairi kama hilo pamoja na wanafunzi wao, wawafundishe kuuliza mambo manne. Kwanza: mtunzi ni nani, na ni nani aliyekuwa mwema kwake? Pili: alitunga lini, kabla ya ushindi au baada yake? Tatu: alitaka nani asikie, adui apate hofu, rafiki apate moyo, au mkubwa apate furaha? Nne: ni nani asiyetajwa humo? Mtoto aliyezoea maswali haya hatadanganywa upesi na sifa, wala na matusi, si ya wafalme wa kale tu bali hata ya wakubwa wa siku zake.

Lakini hakuna maswali ya kuuliza kama shahidi mwenyewe amekwisha potea. Mashairi ya Muyaka karibu yapotee. Miaka kama arobaini baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alianza kuyakusanya na kuyaeleza maneno yake magumu, akisaidiana na padre Mwingereza, W. E. Taylor. Maelezo hayo yana thamani kubwa, maana Kimvita husema "nti" kwa nchi na "mato" kwa macho, na mgeni wa lugha hiyo hujikwaa kila mstari. Karatasi zao zikapelekwa London. Mwaka 1940 William Hichens alipiga chapa diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu kikubwa zaidi juu ya malenga huyo. Kama si Mwalimu Sikujua kukaa kitako na wazee na kuandika, leo tungelijua jina tu.

Basi katika kila mtaa na kila kijiji cha Unguja na Pemba yafaa kuuliza: ni mzee gani bado ana beti juu ya watawala wa zamani, za sifa au za lawama? Masheha wawajue wazee hao. Walimu wawatume wanafunzi wao na daftari. Waandike maneno kama yalivyosemwa, wasiyasahihishe. Waandike na jina la mtunzi likijulikana, na mahali, na sababu ya kutungwa. Na wasichague upande. Beti inayomsifu mfalme na iandikwe, na beti inayomlaani na iandikwe chini yake. Maana ngozi huvutwa huku na huku, na ajuaye kipimo chake ni yule tu aliyeziona ncha zote mbili.