Ya ajabu hayako mbali na Lizaboni

Karibu na Oktoba 21 kila mwaka, ikigonga saa 6:22 mchana, nguzo iliyosimama wima pale Lizaboni, mjini Songea, haina kivuli. Hali hiyo hurudi karibu na Februari 21, ila mara hii jua hukawia hadi saa 6:51. Weka chupa juu ya meza iliyo sawa uone: kivuli kitajivuta taratibu mpaka kiishie chini ya kitako chake, na baada ya dakika chache kitaanza kuchungulia upande wa mashariki.

Songea iko takriban nyuzi 10.7 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi wake mara mbili: Oktoba likielekea kusini, Februari likirejea kaskazini. Dar es Salaam nayo ina siku zake, lakini tarehe ni nyingine, karibu na Oktoba 10 na Machi 3. Mkazi wa London anaweza kuishi miaka mia asione jambo hilo nyumbani kwake.

Na mbona si saa sita kamili? Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita jirani na Mogadishu. Tanzania nzima iko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo saa zetu zinalitangulia jua. Anayetaka kujaribu achague Oktoba. Februari ni masika Songea, na wingu moja linatosha kuharibu kila kitu.

Vijana wetu wanaoshindana kwenye chemsha bongo hukariri kimo cha Everest na urefu wa Nile. Si vibaya. Lakini mkoa wa Ruvuma una maswali yake ya kumtoa mtu jasho, na mengi kati yake hayakusubiri mashine za gharama. Yalisubiri mtu wa kuuliza.

Maharage na mvua ya Matogoro

Tuanzie jikoni. Mama lishe aliyehamia Songea kutoka Mtwara atakwambia maharage ya huku yana ubishi. Maharage hayana kosa. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji huchemka yakiwa na nyuzijoto kama 96 badala ya 100. Ukishafika hapo, kuongeza kuni ni kupoteza kuni: maji yatatokota kwa fujo zaidi, lakini hayatazidi joto lile. Dawa ni kuloweka maharage usiku kucha, au kupikia sufuria ya presha, ambayo kazi yake hasa ni kuurudishia mvuke ule uzito uliopungua hewani.

Maji hayohayo yana kisa kingine. Inyeshe mvua moja kwenye milima ya Matogoro, inayoonekana ukiwa mjini, na matone yake yanaweza kugawana njia tatu. Yatakayoingia mto Ruvuma yataanza kwa kuelekea magharibi, kana kwamba yamepotea, kabla ya kupinda kusini na kisha mashariki kuufuata mpaka wa Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Yatakayoingia Luegu yatakwenda kuungana na Rufiji. Na yatakayofuata Luhira yataishia Ziwa Nyasa kupitia mto Ruhuhu, na kutoka ziwani yana njia moja tu: mto Shire nchini Malawi, halafu Zambezi. Matone yaliyoanguka pamoja Songea yanaweza kuingia bahari moja kwa midomo mitatu, katika nchi mbili.

Giza lililoacha tarehe

Zambezi huohuo uliwahi kuvukwa na mababu wa Wangoni. Walikuwa wamekimbia vita vya kusini mwa Afrika, wakiongozwa na Zwangendaba, na hawakuwa na kalenda wala karani. Hata hivyo, siku waliyouvuka inajulikana kuliko siku nyingi za historia yetu ya karne ile. Simulizi zao zilihifadhi jambo moja: siku ya kuvuka, jua liligeuka giza.

Kupatwa kwa jua ni jambo linalohesabika. Anayejua mienendo ya mwezi na dunia anaweza kurudi nyuma miaka mia mbili na kusema kivuli cha mwezi kilipita wapi na lini. Hesabu ikawekwa kando ya simulizi, na jibu likawa Novemba 20, 1835. Wazee waliolisimulia giza lile kwa wajukuu walikuwa wametunza ushahidi ambao wanaastronomia waliweza kuusoma vizazi kadhaa baadaye. Zwangendaba alifia Ufipa, watu wake wakagawanyika, na kundi moja likaja kukaa nchi hii ambayo leo mji wake mkuu unabeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Majimaji.

Vita iliyoanza kwa matusi

Ukiteremka hadi Liuli, kwenye ufuko wa Nyasa, utakuta bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu maarufu ya Misri. Agosti 13, 1914, meli ya Kiingereza Guendolen ilitokea hapo na kuanza kuifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliruka kwenye mtumbwi akapiga makasia kwa hasira hadi kwa mshambuliaji, akauliza kama amelewa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari za vita zilikuwa hazijafika Liuli. Berndt alizipata palepale, akiwa tayari mateka. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mifupa iliyongoja miaka themanini

Kabla ya mifupa, kuna jiwe: mwaka 1899 kimondo kilianguka Peramiho, safari fupi kutoka Songea. Uzito wake ni gramu 165 tu, pungufu ya robo kilo ya sukari. Aina yake, iitwayo yukraiti, wanasayansi wanaihusisha na Vesta, mojawapo ya miamba mikubwa inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote kimo katika bonde la Ruhuhu, mto uleule unaopokea maji ya Luhira. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Mwingereza Rex Parrington alikusanya huko mifupa ya wanyama wa kale. Mmoja wao aliacha mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Mwingereza mwingine, Alan Charig, aliichunguza miaka ya 1950 bila kuchapisha ripoti kamili, na akafariki mwaka 1997. Mifupa ikabaki makumbusho.

Kundi la watafiti likiongozwa na Sterling Nesbitt liliichunguza upya, likaikata vipande vyembamba na kuiweka chini ya hadubini. Chembe zake zilionyesha mnyama aliyekua kwa kasi, kama dinosaria walivyokua. Jina lake likatangazwa mwishoni mwa 2012: Nyasasaurus parringtoni. Aliishi takriban miaka milioni 240 iliyopita, na ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana. Mnyama mwingine aliyekusanywa na Parrington mwaka 1933, Teleocrater, alisubiri hadi 2017, baada ya watafiti kurudi Ruhuhu na kupata mifupa zaidi.

Hakuna aliyeficha mifupa hiyo. Ilikuwa na lebo, ilikuwa kabatini, na wataalamu walipita karibu nayo kwa miongo minane. Bonde lenyewe bado liko palepale, na mvua ya kila masika hulimomonyoa kidogo na kufunua tabaka jipya. Wanafunzi wa Songea wako karibu nalo kuliko mtafiti yeyote wa London. Wakifundishwa kuutofautisha mfupa wa kale na jiwe la kawaida, jina litakalofuata linaweza kutangazwa na mtu aliyekulia Lizaboni.