Kabla Hujajaza Gesi ya AC, Fungua Droo ya Dashibodi

Kiyoyozi cha gari kikianza kupuliza kwa unyonge, wengi hukimbilia kwa fundi kujaza gesi. Katika magari ya Japani yaliyokwisha kula umri, Vitz, IST, Premio, Corolla na mengine ya rika lao, si mara chache gesi huwa ipo ya kutosha. Iliyozibwa ni njia ya hewa. Nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, imekaa filta ya kabini. Filta ya injini kila mtu anaijua, maana hukaguliwa kila sevisi. Hii ya pili, inayochuja hewa mnayovuta wewe na wanao, inaweza kukaa miaka bila mtu kuigusa.

Hewa ya nje huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, ikapita kwenye filta, ikavutwa na feni, kisha ikapozwa kabla ya kukufikia. Filta ikijaa vumbi na majani ya mti unaoegesha chini yake, feni huunguruma lakini upepo hautoki. Siku ya mvua kioo hushika ukungu na kuchelewa kuuachia. Kuna pia hasara ya mfukoni: katika magari mengi yenye swichi ya feni ya kuzungusha, kasi hupunguzwa na rezista iliyowekwa ndani ya njia ya hewa, ili ipozwe na upepo huohuo. Upepo ukipungua, rezista hupata moto hadi kuungua, na feni hubaki ikifanya kazi kwenye namba ya juu tu.

Kubadilisha filta ya kabini hakuhitaji hata bisibisi kwa Toyota nyingi. Zima gari, toa vitu vyote kwenye droo. Chomoa kijiti cha pembeni kinachoizuia isidondoke ghafla, kama kipo, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani mpaka ishuke, uitoe kwenye bawaba. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki chenye vibano. Kifungue, uvute filta polepole ikiwa imelala sawa. Ukiiinamisha, takataka zote zitaangukia kwenye feni. Vaa barakoa, kwani panya hupenda kujenga humo. Soketi za rangi ya njano usiziguse: hizo ni za mfuko wa hewa wa usalama.

Angalia mshale au neno UP kabla hujatoa ya zamani, na mpya uiweke vivyo hivyo. Baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitoka kiwandani bila filta, nafasi yake ikazibwa kwa plastiki ya kukata. Hiyo mwachie fundi mwenye mkono mtulivu.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, nenda na filta ya zamani mkononi. Kwa Toyota, namba ya filta ya kabini mara nyingi huanza na 87139; ukipewa inayoanza na 17801, hiyo ni ya injini. Vitabu vingi vya magari hutaja kilomita 15,000 hadi 30,000, lakini kwa anayepita barabara ya vumbi kila siku, hata 15,000 naziona nyingi. Andika kilomita kwa kalamu kwenye ukingo wa filta mpya. Usikubali kuoshewa ya zamani: maji hudhoofisha nyuzi zinazonasa vumbi laini, na upepo wa kompresa huweza kuzitatua.

Filta yenye mkaa hupunguza harufu pia, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu ningeongeza hela kidogo niinunue. Lakini hakuna filta ya kabini inayozuia kaboni monoksidi. Ukisikia moshi wa gari lako mwenyewe ukiingia ndani, fungua vioo, simama, na bomba la moshi likaguliwe kabla ya safari nyingine.