Kansere ya ini: usingoje maumivu

Mara nyingi tunapokea mfanyakazi mwenye tumbo lililovimba, macho ya manjano, mwili umekonda. Jamaa wanasema amepewa sumu, ao amelogwa, na miezi imepita wakizunguka huku na huko. Kumbe ni kansere ya ini, na sasa munganga hana mengi ya kufanya. Ini ni vumilivu, haliumi mapema. Basi tutajuaje?

Kazini, kabla ya kuchimba, jiwe linapelekwa labo kujua kama mna shaba ndani. Damu nayo ni hivyo. Mna proteini nyingi ndani yake, na moja inaitwa alfa-fetoproteini, kwa kifupi AFP. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, ini lake linaitengeneza kwa wingi. Akiisha kuzaliwa inapungua, na kwa mtu mzima inabaki kidogo sana. Lakini chembe za kansere ya ini mara nyingi zinaanza kuitengeneza tena. Mwaka 1963, huko Moscow, Garri Abelev aliiona katika damu ya panya wenye kansere hiyo. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov aliiona katika damu ya watu.

Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi. Mama mwenye mimba ana AFP nyingi bila ugonjwa wowote, na kansere nyingine za ini haziiongezi. Kwa hiyo waganga wanaiunganisha na ekografi ya tumbo, kila miezi 6, kwa wale walio hatarini: hasa wenye virusi ya hepatiti B isiyotoka mwilini, na wale ambao ini lao limekuwa gumu kwa hepatiti ao pombe. Kansere ikiwa ndogo bado, inaweza kukatwa.

Uanzie wapi? Omba kupimwa hepatiti B. Ukikutwa nayo, mwulize munganga juu ya AFP na ekografi.

Nyumbani pia kuna kazi. Mama, karanga na mahindi yenye ukungu, tupa. Usiyasage kwa bukari, maana sumu yake haiishi kwa kuosha wala kupika. Wembe mmoja usitumiwe na watu wawili. Mtoto apate chanjo zake za wiki 6, 10 na 14, zenye kinga ya hepatiti B. Na baba, punguza lutuku.

Ndugu, kaske unaivaa kabla jiwe halijaanguka. Damu nayo uipime ungali mzima.